Louis Pasteur na hewa ndani ya chupa

Hapa Lac Vert ukitaja jina la Pasteur, kila mutu anafikiri mchungaji, na atakuuliza ni wa kanisa gani. Muzee tunayemuzungumzia leo hakuwa mchungaji. Hakuwa hata munganga, ijapokuwa waganga wa dunia nzima wanamuhesabu kama baba yao. Louis Pasteur alikuwa mutu wa kemia, mutoto wa mutengeneza ngozi, na sehemu kubwa ya mambo aliyoyagundua ilianzia ndani ya divai. Jina lake munalisoma bila kufikiri kwenye kila pakiti ya maziwa iliyoandikwa lait pasteurisé.

Sababu ya kumuandika leo ni mama mumoja jirani yangu, mujane, mwenye anauza makala karibu na barabara ya Sake. Ana chupa moja ya divai nyekundu ya Bordeaux, na etiketi yake inaonyesha mwaka 1998. Bwana yake alipewa ile chupa kama zawadi siku ya ndoa yao, mwaka 2001, na wote wawili wakapatana kwamba wataifungua siku mutoto wao wa kwanza atakapoolewa. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ikalipuka. Walikimbia na godoro, sufuria mbili, na chupa imefungwa ndani ya kitenge. Nyumba ikaungua, chupa ikapona. Baadaye wakajenga nyumba ya mbao huku Lac Vert, juu ya mawe ya volkano, na chupa ikalala ndani ya sanduku chini ya kitanda.

Bwana alishafariki. Binti amekuwa mukubwa, muchumba yuko, lakini mazungumzo ya mahari yanaahirishwa kila mwaka, na vile muji wetu ulivyo siku hizi hakuna mwenye anaweza kusema harusi itakuwa lini. Basi mama akaniuliza kama aendelee kungoja. Watu wanasemaka kwamba divai inakuwa nzuri zaidi kila mwaka unaopita. Tena alisikia kwamba wazungu wanaitunza chini ya udongo, ndani ya kave, na alikuwa tayari kumulipa kijana amuchimbie shimo nyuma ya nyumba.

Kuhusu shimo nilimukataza pale pale. Wenye wanakaa Lac Vert, Bulengo na Himbi wanajua mazuku ni nini. Ni gesi ya karboni inayotoka ndani ya nyufa za mawe. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajikusanya mahali pa chini, haionekani, na mbuzi anayeingia mule asubui anaanguka na kufa. Watu pia wamekufa. Kave ya Bordeaux huku kwetu inaweza kuwa kaburi. Na jambo la ajabu ni kwamba hata kule Ufaransa watengeneza divai wanaiogopa gesi ileile, kwa sababu maji ya zabibu yanapochacha yanaitoa kwa wingi. Tangu zamani walikuwa wanashuka ndani ya kave na buji mukononi: buji ikizimika, wanarudi mbio. Kwa swali la kungoja, lile Pasteur alilishugulikia miaka mingi, na jibu lake haliwezi kutenganishwa na maisha yake.

Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika muji mudogo wa Dole, mashariki ya Ufaransa, karibu na milima ya Jura. Papa yake alikuwa amepigana vita vya Hispania katika jeshi la Napoléon wa kwanza, akarudi na cheo cha sajenti na medali, halafu akarudilia kazi yake ya ngozi. Jamaa ilihamia Arbois mutoto angali mudogo. Arbois ni muji wa mizabibu. Nyumba yao ilikuwa kando ya muto, na uwanja mbele ya nyumba ulikuwa na mashimo ambamo ngozi za ngombe zinalowekwa pamoja na maganda ya muti wa mwaloni. Maganda yale yana kitu kinachoitwa tanini. Ndiyo inayogeuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya viatu. Tanini hiyo iko pia katika maganda na mbegu za zabibu nyekundu. Ndiyo inayokausha ulimi wako unapokunywa divai kali ngali changa. Tutairudilia.

Masomoni hakuwa mutoto wa ajabu. Alijua sana kuchora; picha za mama yake na za majirani zingali zinahifadhiwa mpaka leo. Papa yake alitamani awe tu mwalimu wa kollege ya Arbois. Mwaka 1838 alitumwa kusoma Paris, akashindwa kuvumilia, akawaza sana harufu ya ngozi za papa, na papa akaenda kumurudisha nyumbani. Wanafunzi wetu wanaongoja matokeo ya examen d'État wasikie hili: mwaka 1842, alipofanya mutihani wa bakaloreya ya sayansi kule Dijon, katika kemia alipewa alama ya médiocre. Mwaka uleule alikubaliwa kuingia École normale supérieure ya Paris, lakini nafasi aliyoipata haikumuridhisha. Akaiacha, akasoma mwaka muzima tena, akaingia mwaka 1843 na nafasi nzuri zaidi. Kukataa kitu ulichoshinda tayari, kwa sababu tu hujakishinda vizuri, naona hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake yote.

Ugunduzi wake wa kwanza ulitoka kwenye uchafu wa mapipa. Divai inapokaa ndani ya pipa inaacha ukoko mugumu kwenye mbao, na ndani ya ukoko huo kuna asidi ya tartari. Wanakemia walikuwa na fumbo: kulikuwa na asidi mbili, zote zimejengwa na vitu vilevile kwa kipimo kilekile, lakini moja ilikuwa inapindua mwanga na nyingine haikuupindua. Mwaka 1848, akiwa na miaka 25, Pasteur alitazama chembe za chumvi ya ile asidi ya pili kwa uangalifu kushinda wakubwa wake, akaona ziko za aina mbili, zinafanana kama mukono wa kuume na mukono wa kushoto. Akazitenga moja moja kwa kibanio. Za upande mumoja zikapindua mwanga kuume, za upande wa pili zikaupindua kushoto. Zikichanganywa, nguvu zao zinafutana. Kitu kidogo namna hiyo kilifungua mulango wa kemia nzima ya vitu vyenye uhai.

Mwaka 1849 akawa mwalimu wa chuo cha Strasbourg, na mwaka uleule akamuoa Marie Laurent, binti wa mukubwa wa chuo. Huyu mama asisahauliwe. Magaribi, kisha watoto kulala, ndiye alikuwa anaandika yale bwana alikuwa anamusomea, na kwa kuandika aliishia kuielewa ile kazi kama mwanafunzi wake. Walizaa watoto watano.

Mwaka 1854 alihamia Lille. Kule, mwaka 1856, mwenye kiwanda mumoja, bwana Bigo, alimuletea malalamiko: pombe yake ya bitiravu ilikuwa inaharibika ndani ya mapipa. Pasteur alikuwa na mikroskopi. Ndani ya pipa zuri aliona vidude vya mviringo, chachu. Ndani ya pipa bovu aliona vingine, vyembamba na virefu. Wakati ule wakubwa wa kemia walikuwa wanafundisha kwamba kuchacha ni kuoza tu, ni kitu kinachojivunja chenyewe. Yeye akasema hapana, kuchacha ni kazi ya viumbe hai, na kila kuchacha kuna wafanyakazi wake. Wamama wa kwetu wenye wanatengeneza kasiksi wasingemushangaa. Wanajua kwamba ndizi na maji peke yake havitoshi, lazima utie unga wa mutama, lazima ungoje, na tena lazima usingoje kupita. Kasiksi ya siku mbili ni sherehe. Ikikaa zaidi, unakunywa siki.

Divai ya Ufaransa vilevile ilikuwa inageuka. Katika miaka ya 1860 Ufaransa ilikuwa inatafuta kuuza divai nyingi Uingereza, na ilikuwa inafika kule imekuwa chungu, au nzito kama mafuta, au siki kabisa. Mwaka 1863 Napoléon wa tatu akamuomba Pasteur atafute sababu. Akarudi kwao Arbois, akafanya labo ndani ya chumba cha kafe ya zamani, na vyombo vyake vikatengenezwa na fundi seremala na fundi chuma wa kijiji. Wakulima waliomujua angali mutoto walikuwa wanacheka. Lakini walimufungulia kave zao. Akazoea kutambua ugonjwa kwa kutazama tone moja tu kwenye mikroskopi, kabla mwenye kave hajaonja.

Hapa ndipo tunafika kwenye chupa ya jirani yangu. Pasteur alijiuliza ni nini kinachozeesha divai. Je, ni miaka yenyewe? Alichukua divai nyekundu changa, akaijaza ndani ya vichupa vya kioo mpaka juu, bila nafasi ya hewa, akavifunga kwa moto. Vingine akavijaza nusu, hewa ikabaki ndani, navyo akavifunga. Vingine aliviweka gizani, vingine kwenye mwanga. Akangoja. Divai iliyojaa bila hewa ilibaki changa, na rangi yake na ukali wake vilevile, kama vile muda haukupita. Ile iliyokuwa na hewa ilizeeka haraka: rangi ilipauka ikaelekea udongo wa tofali, tope likaanguka chini, ladha ikawa ile ya divai ya zamani. Kwenye mwanga ilikwenda mbio zaidi. Kumbe si miaka. Ni oksijeni, na miaka ni nafasi tu inayopewa ile oksijeni kuingia.

Kwa hiyo akaeleza kwa nini mapipa ya mbao yana kazi. Mbao inapumua, hewa inapita polepole, kidogo kidogo, na ukali unatulia. Tanini, ile ya mashimo ya papa yake, inashikana na rangi, inakuwa nzito, inaanguka chini kama tope. Ndiyo sababu divai kali yenye tanini nyingi inaweza kungoja miaka mingi, na divai nyepesi haina la kungoja: inyweni mwaka huu au ujao. Chupa nyingi zinazouzwa katika maduka ya muji wetu ni za namna hii ya pili. Kuzitunza ni kuzipoteza. Na hewa nyingi kwa mara moja si dawa hata kwa zile kali, kwa sababu vidude vya siki vinaishi kwa hewa. Divai yenye afya inataka hewa kama mugonjwa anavyotaka supu, kijiko baada ya kijiko.

Kwa divai yenye mikrobe dawa yake ilikuwa moto: kuipasha bila kuchemusha, digri 50 mpaka 60 hivi, muda mufupi, bila hewa. Alichukua hati ya uvumbuzi mwaka 1865, halafu akaiacha wazi ili kila mutu aitumie bila kulipa franga yoyote. Wauzaji wa divai wa Paris hawakuamini. Walisema moto unaua ladha. Tume yao ikaonja, ikagawanyika, kila mumoja akiona tofauti. Siku moja Pasteur akawapa glasi mbili za divai moja, kutoka chupa moja, bila kuwaambia. Wakaona tofauti pia. Nafikiria vile walivyoaibika kila mara ninaposikia watu wanabishana juu ya ladha ya bia. Jeshi la maji lilitumia njia bora: kule Brest walipakia lita 500 ndani ya meli Jean-Bart, nusu imepashwa moto, nusu hapana. Kisha miezi kumi baharini, iliyopashwa ilikuwa nzuri. Nyingine ilikuwa imeanza kuwa siki.

Sasa, munaosoma miaka hii ya 1860 kama miaka ya ushindi, tazameni pia nyumba yake. Mutoto wake wa kwanza, Jeanne, alikufa mwaka 1859 kule Arbois kwa homa ya tumbo, na miaka tisa tu. Juni 1865 papa yake akafariki. Septemba ya mwaka uleule akafa Camille, mwenye miaka miwili. Mei 1866 akafa Cécile, mwenye miaka 12, homa ya tumbo tena. Kitabu chake juu ya divai, Études sur le vin, kilitoka mwaka huohuo 1866. Mutu aliyekuwa anajua kuokoa pipa la divai alikuwa hajajua kuokoa mutoto. Nafikiri huwezi kuelewa kazi zake za baadaye bila kuhesabu hayo makaburi matatu. Mwaka 1868 kiharusi kikamupiga, mukono na muguu wa kushoto vikabaki vizito mpaka kufa kwake. Alikuwa na miaka 45. Akaendelea.

Baadaye yanajulikana zaidi, nitapita haraka. Alitafuta ugonjwa wa wadudu wa hariri, kipindupindu cha kuku, kimeta cha kondoo. Alianza kuogopa kushikana mikono na watu, na mezani alikuwa anapangusa glasi na kuvunjavunja mukate akitafuta uchafu, wenzake walicheka. Sisi wa Goma tulioacha kusalimiana kwa mikono mwaka 2019, wakati Ebola ilipoingia muji, hatuna ruhusa ya kucheka. Tarehe 6 Julai 1885 alimuchanja Joseph Meister, mutoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, akapona. Mwaka 1888 Institut Pasteur ikafunguliwa Paris kwa michango ya watu, na mwaka 1908 tawi moja likafunguliwa ngambo ya muto wetu, Brazzaville.

Lakini zabibu hakuziacha. Mwaka 1874 alinunua shamba dogo la mizabibu karibu na Arbois. Mwaka 1878, ili kumaliza ubishi juu ya chachu inatoka wapi, alijenga vibanda vya kioo juu ya mizabibu yake, akafunga mashada kwa pamba kabla zabibu hazijakomaa. Zabibu za ndani ya pamba, zikipondwa, hazikuchacha. Za nje zikachacha. Ili kuonyesha hivyo Paris, mama Marie na binti yao walisafiri ndani ya treni wakishika matawi wima mikononi, mashada yasiguswe. Huyo binti, Marie-Louise, na kaka yake Jean-Baptiste ndio watoto wawili waliobaki.

Alifariki tarehe 28 Septemba 1895, karibu na Paris, akazikwa ndani ya Institut yake.

Nilimueleza jirani yangu haya yote, tumeketi mbele ya nyumba yake, na alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, isipokuwa alipouliza majina ya wale watoto watatu. Halafu akaleta chupa. Tukaisimamisha kwenye mwanga wa jua la magaribi. Vitu vya kutazama ni vichache. Kwanza, kimo cha divai chini ya kizibo: chupa mupya imejaa mpaka kwenye shingo, hii ilikuwa imeshuka mpaka kwenye mabega, maana yake sehemu ya divai ilikwenda na hewa ikachukua nafasi yake. Pili, rangi: kwenye ukingo haikuwa tena nyekundu ya damu, ilikuwa ya tofali. Tatu, tope lilikuwa limelala chini. Chupa ilikuwa imesimama miaka mingi wima, kizibo kikakauka. Ingelala, divai ingekilowesha na kukikaza. Kule kwenye kave nzuri ni digri 12 hivi, mwaka muzima, gizani. Chini ya mabati ya Lac Vert, saa sita za mchana, hakuna haja ya kipimo ili ujue.

Nikamuambia wazi: hii haingoji harusi. Kila mwezi unaiondolea kitu. Kama angekuwa nazo mbili ningemuambia afungue moja ili tujue ya pili. Anayo moja. Alinyamaza sana. Halafu akasema kwamba bwana yake ndiye aliyetoa neno la kungoja, na yeye hataki awe mutu wa kulivunja. Nikamujibu kwamba bwana alipatana na divai ya 2001, na ile sasa haiko tena ndani ya chupa. Sijui kama nilikuwa na haki ya kusema vile kwa mujane.

Jumapili iliyofuata aliniita. Binti alikuwepo, wadogo zake, na muchumba, ambaye wajomba walimuruhusu aingie hata kama mahari haijakamilika. Chupa tuliisimamisha toka siku mbili, tope likae chini. Kizibo kilivunjika katikati. Tukachuja kwa kitambaa safi na kuweka ndani ya jagi, bila kuiacha ikae, kwa sababu divai muzee ikifunguliwa hewa inaimaliza upesi. Ilikuwa nyepesi, na harufu ya majani makavu na kidogo ya ngozi. Haikuwa siki. Mama alionja wa kwanza, akampa binti. Glasi ya pili, nusu saa baadaye, ilikuwa tayari imepungua, karibu maji. Muchumba akasema kwa adabu kwamba ni nzuri. Nilimuona anakunja uso. Tope lililobaki, mama alilimwaga chini, mbele ya mulango, pale bwana alikuwa anapenda kuketi.